Mweusi Hasi

Nyumbani simu ilikuwa moja,
yangu na ya kaka Mihayo, bwana mifugo wa kata.
Yeye huulizwa kupe, minyoo, ndigana.
Mimi, Kalunde, fundi wa redio na sola
kibandani kando ya reli, Kaliua,
huulizwa kwa nini taa inakonyeza.

Siku hiyo Shigela wa Usinge aliuliza yote
katika ujumbe mmoja usio na nukta:
nina madume wawili nina betri mpya nifanyeje
Mihayo alikuwa porini, hana habari.
Nikajibu la kwangu, kwa ufupi
wa mtu aliyebakiwa na shilingi arobaini:
Mweusi hasi. Mwekundu chanya.

Nilisema waya.
Lakini ngeli haina huruma.
Waya mweusi, ng'ombe mweusi:
kiambishi kimoja, wanaazimana
kama koti la ndugu wawili.
Na chanya, kwa macho yaliyozoea sindano,
ni chanja iliyokosewa herufi.

Wiki mbili baadaye, baiskeli mlangoni,
betri imefungwa kwa mpira nyuma ya kiti.
"Binti, mweusi nimemhasi.
Mwekundu nimemchanja.
Mbona taa haiwaki?"

Nilicheka hadi tone la risasi
likanidondokea kidoleni.
Yeye hakucheka.
Alikuwa na dume mzuri, mweusi tii,
na sasa hana.

Nikamgeuzia betri, nikamwonyesha kistari.
Hiki, nikasema, ndicho hasi.
Akakiinamia kama anayekagua kidonda.
"Kimekatwa nini?"

Chuoni hakuna aliyeniuliza hivyo.
Tulikariri, tukachora, tukafaulu.
Nikaanza kupapasa:
hasi si bovu, hasi si pungufu.
Zahanati wakikusomea damu, ukasikia hasi,
unapita dukani kununua soda.
Ushirika wa tumbaku wakikusomea hesabu, ukasikia hasi,
unauza baiskeli hiyo.
Na kipimo changu hiki, tazama,
nikibadilisha ncha kinaandika hasi kumi na mbili.
Nguvu ni ile ile ya kumi na mbili.
Ni mimi niliyesimama upande wa pili.

Akatazama namba. Akatazama mikono yangu.
"Haya. Kati ya hao wawili,
nani anavuta?"

Hapo nikasita.
Maana vitabu vyetu huchora mshale
utokao chanya kwenda hasi,
na mshale huo ulichorwa zamani,
kabla mtu hajajua ndani ya waya kuna nini.
Walibahatisha. Wakakosea. Wakaona tabu kufuta.
Zinazotembea ni elektroni,
na kila elektroni ni hasi,
inatoka huku kwa mweusi,
inapita ndani ya taa, inaisukuma,
inarudi kwa mwekundu
ambaye kazi yake ni kuita tu.

Ndipo akacheka, polepole,
meno yenye rangi ya tumbaku.
"Kumbe maksai!
Dume unamwona analima?
Dume anakula, anapigana,
anafukua vumbi zizini watu wamtazame.
Jembe linavutwa na aliyehasiwa."

Nilitaka kusahihisha.
Elektroni haikushikwa na koleo,
hakuna siku ilikuwa nzima ikapunguzwa,
imekuwa hivyo tangu kuwepo.
Na kuita nako ni kazi, mwekundu asidharauliwe.
Lakini alikuwa ameshaelewa
kitu ambacho mimi nilikuwa nimekifaulu tu.

Nikamfungia nyaya, nikakataa hela.
Akaacha nusu chupa ya asali.
Mihayo aliporudi hakunisemesha siku tatu,
akanunua laini yake.
Mimi siku hizi naandika kwa kirefu,
waya mweusi, waya mwekundu,
hata salio likinifia katikati ya neno.

Usiku ule simu ilitetemeka mezani:
Imewaka.
Mweusi bado amenuna.